Ng'ombe wa Baba Kwenye Inchi Hamsini na Tano

Kwa wiki tatu nilisoma habari za runinga kwa bidii ambayo sikuwahi kuionyesha chuo kikuu, na nilikuwa na daftari. Nilijua kwa nini picha kali ya 4K kwenye runinga ya bei ya kati si sawa na 4K ya bei ya juu ingawa maboksi yao yanajisifu kwa maneno yale yale. Nilijua paneli, yaani kioo chenyewe cha picha, zipo za namna mbili: moja ina weusi mzito wa kupendeza lakini ukikaa pembeni picha inapauka, nyingine inaonekana vizuri hata ukikaa pembeni lakini weusi wake ni kama masizi yaliyofutwa na kitambaa. Nilitenga alama: weusi, mwanga wa mchana, sauti, mwendo, pembe. Mke wangu aliliona daftari mezani akauliza kama nimeanza kitabu kipya.

"Ni utafiti," nikamjibu.

"Basi ukiisha, nunua. Mzee anaangalia ukuta."

Mzee ni baba yangu. Kwetu Wakurya baba ni Tata, na Tata alikuwa anakaa nyumbani kwangu Turwa, mjini Tarime, baada ya kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza na la kushoto baadaye. Daktari alimkataza vumbi, moshi na jua kali, kwa maneno mengine alimkataza zizi. Ng'ombe wake walibaki kijijini mlimani kwa mdogo wangu, ambaye kila siku alinitumia video za mifugo kwenye simu ili nimwonyeshe. Tata aliishika simu mbali, akaisogeza karibu na pua, akanirudishia. "Umeniletea inzi," alisema.

Lakini daftari langu halikuwa la kumwondolea mzee upweke tu. Afadhali niseme.

Binti mkubwa wa mdogo wangu alikuwa amechumbiwa, na upande wa kijana ni watu wa Serengeti, karibu na Ikoma. Jumatano moja, karibu mwezi mzima mbele, tulitakiwa kwenda kwao kukagua ng'ombe wa mahari. Ukaguzi huo si ziara ya kunywa soda. Mnaingia zizini kwa watu, mnamtazama kila ng'ombe, macho, meno, chuchu, kwato, mwendo, na mnayemkataa anabaki. Mnayemkubali ni wenu hata akifa njiani kurudi. Kazi hiyo kwenye ukoo wetu ameifanya Tata tangu sijaanza shule, na ameifanya kwa ukali kiasi kwamba kuna familia mbili hapa Tarime ambazo hadi leo zikimwona zinavuka barabara.

Mdogo wangu alinipigia simu. "Kaka, mzee tumwache nyumbani. Nitakwenda mimi na dalali mmoja wa mnadani. Tukienda naye watamwona anapapasa, watatusukumia vikongwe na vilema vyote vya wilaya."

"Umemwambia?"

"Wewe ndiye mkubwa. Halafu wewe ndiye unaandika. Tafuta maneno."

Nikasema nitatafuta. Maneno niliyoyapata yalikuwa kwenye mitandao na yote yalihusu runinga. Nilijiambia kwamba mzee akiwa na skrini kubwa mbele yake hataumia sana siku tutakapoondoka bila yeye. Kumwambia mtu kwamba macho yake hayaaminiki tena ni jambo la dakika moja. Mimi nilikwepa dakika hiyo kwa wiki tatu na nikauita ukwepaji huo utafiti.

Ijumaa nilikwenda Bomani. Mwenye duka ni mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, na anazungumza Kiswahili kinachonifanya nione changu kimevaa gambuti. Aliniwashia runinga mbili za inchi hamsini na tano, bei ya kati zote. Zilionyesha kasuku, asali ikimiminika, na mji wa vioo ambao hauna mtu hata mmoja. Nilisimama mbele kidogo, kisha nikaenda kusimama pembeni kabisa, karibu na rafu ya pasi.

"Mwalimu, umepotelewa na kitu?" akauliza.

"Naangalia pembe."

"Ndugu yangu, watu hukaa mbele ya TV."

"Kwetu si wote."

Ikabidi nimweleze. Mke wangu ni mkwe wa Tata, na mkwe wa kike kwetu hakai kwenye kochi akaangaliana uso kwa uso na baba mkwe. Hakuna ugomvi, ni heshima tu. Tangu mzee ahamie kwetu, mke wangu anaangalia taarifa ya habari akiwa kwenye kigoda mlangoni mwa korido ya jikoni, upande wa kushoto wa skrini, na runinga yetu ya zamani kutokea pale iliwafanya watangazaji wote waonekane wametoka kuugua. Hakuna mtaalamu hata mmoja mtandaoni aliyepima runinga kwa kigezo cha mkwe. Mimi nilikipa alama ishirini.

Mwenye duka akafikiri, akaja kusimama nami kwenye rafu ya pasi. "Wallahi, hii ya kwanza inapauka," akasema. "Miaka yote nauza, sijawahi kusimama hapa."

Nikaikataa ile yenye weusi mzito, ambayo moyo wangu uliipenda, nikachukua yenye weusi wa masizi. Nilijiona mtu mzito sana nikirudi nyumbani na boksi.

Jumapili mdogo wangu akashuka kutoka kijijini ili tumalizie mipango. Alifika mchana, akamwamkia Tata, akaitazama runinga ukutani akapiga mluzi. "Mura!" akasema, neno letu la kuitana vijana. "Hii ni dirisha au TV?"

Dirisha halisi lilikuwa upande wa pili, na hilo lilikuwa jaribio langu la kwanza. Saa nane ya mchana jua linaingia sebuleni moja kwa moja. Ninaandika hapa kwa faida ya atakayenunua: kioo chake kinarudisha mwanga kiasi, ukiangalia kipindi chenye giza unajiona wewe mwenyewe na kochi lako, lakini picha yenye mwanga inashinda jua bila shida. Matangazo ya kawaida ya kisimbuzi, ambayo hayana 4K hata chembe, inayakuza kwa ustaarabu. Maandishi yanayopita chini yalisomeka, nyuso hazikuvimba. Sauti ni nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya sufuria. Kutoka mlangoni mwa korido sauti ya mke wangu ilisema, "Leo wamepona," na nikajua kwamba watangazaji wana afya. Niliandika ishirini kwa ishirini.

Tata aliinuka kutoka kwenye kochi, ambako alikuwa ametandika ngozi yake ya ng'ombe aliyokuja nayo kutoka kijijini, ngozi ambayo mke wangu anaichukia na hawezi kusema kwa sababu ya heshima ile ile. Akaenda hadi ukutani. Akachungulia nyuma ya runinga. Akapitisha kiganja mgongoni mwake, kutoka juu hadi chini, polepole.

"Mgongo mwembamba," akasema.

"Siku hizi zote ni nyembamba, Tata."

"Nyembamba haihimili njaa." Akarudi kukaa.

Mdogo wangu akaniangalia, nami nikajua anachotaka: sasa, mwambie sasa. Badala yake nikamwomba simu yake. Simu hiyo ni mpya na inapiga video za 4K, na asubuhi hiyo alikuwa amewarekodi ng'ombe wakitoka zizini. Nikaihamishia video kwenye flashi, nikaichomeka. Hapa, nikafikiri, ndipo mzee atakaponishukuru.

Ng'ombe wakatokea ukutani, wakubwa karibu kama walivyo. Hata mimi nilishtuka. Ukungu wa mlimani, matope ya mlangoni, manyoya ya masikioni moja moja. Walipita kwa mstari, wa kwanza, wa pili, kisha yule ng'ombe jike kiongozi, ambaye Tata anampenda kuliko anavyonipenda mimi na hajawahi kuficha.

Tata akasogea mbele ya kochi. Akaangalia muda mrefu.

"Hawa si ng'ombe wangu," akasema.

Video ikaisha, ikaanza tena yenyewe.

"Tata," mdogo wangu akasema kwa upole ambao siupendi, upole wa manesi. "Ni hao hao. Nimewarekodi leo asubuhi, mimi mwenyewe. Huyo ndiye jike lako."

"Pembe ni zake. Nundu ni yake. Rangi si yake. Na huo si mwendo wake."

"Daktari alisema rangi zitabadilika machoni baada ya upasuaji. Unakumbuka? Alisema utazoea."

Kisha akanigeukia na kusema chini chini, lakini si chini ya kutosha, "Umeona? Jumatano angetutia aibu."

Tata alisikia. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, si masikio. Hakuuliza Jumatano kuna nini. Alijua Jumatano kuna nini, tangu siku uchumba ulipotangazwa alikuwa ameniomba nimpelekee fimbo yake kwa seremala ikawekwe chuma kipya. Aliangalia mikono yake tu. Na mimi, mtoto wake wa kwanza, msomi wa familia, nilifanya nini? Niliitetea runinga.

"Tata, hii ina rangi zaidi ya bilioni," nikasema. "Wameandika kwenye boksi."

"Basi wana bilioni na hiyo moja wameikosa."

"Rangi gani?"

Akaitaja kwa Kikurya. Ni neno moja ambalo Kiswahili changu kinalihitaji sentensi nzima: rangi ya ini lililokaa kidogo baada ya kuchinja, likiwa limeanza kukauka juu. Akainuka, akaivuta ngozi yake kutoka kwenye kochi, akaenda nayo hadi kwenye skrini. "Huyu ni mama yake," akasema akiipigapiga ile ngozi. "Nilimchinja mwenyewe alipovunjika mguu. Mtoto alichukua rangi ya mama, hakuacha hata unyoya. Simamisha hapo."

Nikasimamisha picha. Akaiinua ngozi, akaibandika kando ya ng'ombe wa ukutani.

Ng'ombe alikuwa rangi ya chungwa.

Sikuwa nimeliona. Wala mdogo wangu, aliyewakamua ng'ombe hao asubuhi ile. Tulikuwa tumefurahia ukali wa picha kiasi kwamba ng'ombe angekuwa wa bluu tungempigia makofi. Kando ya ngozi ya mama yake, jike lile liling'aa kama soda. Majani nyuma yake yalikuwa ya kijani ambacho hakuna majani Tarime nzima yamewahi kukifikia, hata Aprili.

"Hee," mdogo wangu akasema.

Kutoka korido: "Hata mimi nilidhani mmenunua ng'ombe wa kizungu."

Nilichukua rimoti. Wiki tatu za kusoma, kurasa nzima za daftari, na kila mtaalamu niliyemsoma alikuwa ameonya jambo moja kabla ya mengine yote, nami nilikuwa nimelipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu: runinga zikitoka dukani huwa zimewekwa kwenye picha ya kuvutia wapita njia, na kitu cha kwanza ukifika nyumbani ni kuiondoa. Nilipima pembe ya mkwe. Nilipima jua la saa nane. Hilo la mstari mwekundu nililisahau kama mtu anayekagua ng'ombe mkia na kumsahau kichwa.

Nikaingia kwenye menyu. Nikaitoa picha ya dukani, nikaweka ile ya sinema, ambayo mwanzoni huonekana imefifia na ya manjano, na watu wengi huirudisha haraka. Ng'ombe akatulia, nami nikaanza kupunguza rangi hatua kwa hatua. Ule uchungwa ukazama, ukapita kwenye wekundu, ukapita kwenye udongo, ukasimama.

"Rudi nyuma kidogo," Tata akasema. "Umempitiliza."

Nikarudi nyuma hatua mbili.

"Moja tena."

Moja tena. Tata akaishusha ngozi, akaipandisha tena, akaishusha. Ilikuwa vigumu kusema ngozi inaishia wapi na ng'ombe anaanzia wapi.

"Huyo," akasema. "Sasa huyo ni mtoto wa mama yake."

Mdogo wangu akaigusa ile ngozi kwa kidole.

"Na huo mwendo," Tata akaendelea, sauti imeanza kupanda, sauti ya zizini, "umewatia mafuta miguuni? Ng'ombe hatelezi namna hiyo. Ng'ombe anakanyaga."

Hilo nalo lilikuwa kwenye daftari langu, ukurasa wa nne: kulainisha mwendo. Runinga hubuni picha za katikati ambazo kamera haikuzipiga, ili kila kitu kiende kama kinaelea. Wapenda mpira wanaipenda, wapenda filamu wanailaani. Wapenda ng'ombe hakuna aliyewahi kuwauliza. Nikaizima, nikarudisha video mwanzo.

Ng'ombe wakatoka zizini wakikanyaga. Kwato zikaingia matopeni na kutoka kwa sauti niliyoifikiria tu, maana spika zile hazina uwezo huo. Wa kwanza, wa pili, jike.

"Simamisha. Rudisha. Mwache apite tena."

Akapita tena.

"Mura," Tata akamwambia mdogo wangu, bila kuondoa macho ukutani, "jike langu limeumia lini?"

"Halijaumia, Tata. Mzima kabisa, asubuhi amekunywa maji vizuri."

"Mguu wa nyuma, kushoto. Anauweka mwisho na anauondoa mwanzo."

Tukaangalia. Mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili sikuona kitu lakini nilitikisa kichwa kama niliyeona. Mara ya tatu niliona, au nilidhani nimeona, kitu kidogo sana, kusita kwa nukta moja, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. Sijui kama kule kulainisha mwendo ndiko kulikokuwa kunaficha, au ni macho yetu tu, ambayo hakuna daktari aliyewahi kuyafanyia chochote.

"Piga simu nyumbani," Tata akasema.

Mdogo wangu akampigia mkewe kijijini, akaweka spika. Tulimsikia akimwita mchungaji, tukasikia mlango wa zizi, mbwa, ng'ombe akikataa, mchungaji akimtukana ng'ombe kwa heshima kwa sababu alijua mzee anasikiliza. Tulisubiri. Kwenye korido mke wangu alikuwa ameacha kuosha vyombo.

"Baba wa watoto?" sauti ikarudi. "Kuna jiwe dogo limekaa katikati ya ukwato. Nyuma, kushoto. Amelitoa kwa kisu. Pameanza kuvimba kidogo. Nani amewaambia?"

Mdogo wangu aliangalia simu, akaangalia ukuta, akamwangalia baba yake, mzee mwenye ngozi begani kama mtu aliyetoka kuwinda sebuleni kwangu.

"Mzee ameona," akasema.

"Mzee si yuko Turwa?"

"Ameona akiwa Turwa."

Tata aliketi. Hakucheka, lakini alivuta pua kwa namna ambayo tangu utoto wangu ilimaanisha kwamba mtu fulani ameshindwa na leo atalala mapema. Mke wangu alileta chai, akaiweka kwenye meza ndogo akiwa ameinamisha uso kama ilivyo desturi, na nilimwona anacheka huku ameinama.

"Yule dalali wa mnadani," Tata akasema baada ya funda la kwanza, "mpigie. Mwambie asijisumbue."

Uso wa mdogo wangu ukapauka kama watangazaji wa runinga yetu ya zamani. "Tata, tulikuwa tunafikiria tu vumbi la njiani…"

"Nina miwani ya jua. Daktari alinipa. Jumatano tunaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, Tata."

"Kumi na moja," akasema Tata.

Na tuliondoka saa kumi na moja. Mlango wa zizi la wakwe zetu watarajiwa ulipofunguliwa, Tata aliingia akiwa na miwani ya jua iliyomfunika nusu uso. Nilisikia vijana wa upande ule wakinong'onezana huku wakicheka kwamba wameletewa dereva wa watalii. Walicheka hadi ng'ombe wa tatu. Alimkataa yule wa tatu kwa sababu ya jino, wa sita kwa sababu ya chuchu moja iliyokufa ambayo mwenye ng'ombe alidai hajui habari zake, na mmoja mzuri sana, mweupe, aliyependwa na kila mtu nikiwemo mimi, alimzungusha mara mbili akasema amepewa chumvi na maji usiku kucha ili tumbo lijae, arudi kesho akiwa mtupu. Wazee wa upande wa pili walipandisha sauti. Tata naye akapandisha. Mdogo wangu alisimama nyuma yake kifua mbele, akitikisa kichwa kwa kila neno kana kwamba ni yeye aliyeligundua. Kufika mchana walikuwa wameleta ng'ombe wengine, na walikuwa wanamwita Tata kwa cheo ambacho hawakuwa nacho mdomoni asubuhi.

Baba mdogo wa kijana, mtu mpole anayefanya kazi kwenye loji karibu na geti la hifadhi, alinisogelea nikiwa nimesimama kando na daftari. Sijui kwa nini nilikwenda nalo.

"Shikamoo mzee," akamwamkia kwanza Tata aliyekuwa anapita, kisha akauliza akininyooshea kidole, "na huyu ndugu mwenye daftari, yeye anakagua nini?"

"Marahaba. Huyu anakagua picha," Tata akasema. "Anazijua vizuri sana. Mwache asimame hapo hapo pembeni."

Kisha akamwinulia mguu ng'ombe aliyefuata.